Nilikiri Ili Asiendelee Kusoma

Gerezani, Tongatapu
9 Machi 2015

Mjomba Uaisele, mtunza nguruwe wangu,

Kaa chini kwanza. Tangu mahakama ziletwe katika nchi hii hajatokea mtu aliyemaliza kesi haraka kama mpwa wako. Dakika nne, Mjomba! Walionitangulia walikaa asubuhi nzima wakilialia na kuita mashahidi. Mimi nilisimama, nikasema neno moja, nikakaa. Chai ya hakimu ilikuwa bado inatoa moshi. Askari walionishika mkono kunitoa nje walinishika kwa heshima, nakwambia, kama wanamsindikiza bwana harusi. Nimepata miezi kumi na minane, lakini hilo tuliache kwanza, tusalimiane.

Mimi mzima. Kula yetu muhogo, kesho yake muhogo, Jumapili muhogo na samaki wa kopo. Tunalima tangu kunapambazuka, na mabega yangu sasa ukiyaona utaniogopa. Mkeo, Mama Ofeina, hajambo? Mguu wako bado unavimba? Na yule nguruwe mwenye doa kwenye jicho moja, mpe nazi za kutosha. Usisahau kwamba kwa mila yetu ni wangu mimi mtoto wa dada yako, wewe unanilishia tu. Msalimie pia Afande Maka, ambaye husoma barua zetu kabla hazijafungwa. Afande, mwandiko mzuri, sivyo?

Habari yenyewe najua ilishakufikia. Ni ugomvi wa nyumbani na Lesieli. Mambo ya mume na mke. Aliteleza kwenye ngazi ya saruji, mkono ukavunjika, polisi wakaja na kalamu zao wakaandika walivyopenda. Basi.

Nitumie samaki wakavu na sabuni.

Mpwa wako,
Kelepi


Falehau, Niuatoputapu
20 Aprili 2015

Kelepi, mla nguruwe wa watu,

Barua yako ya Machi imefika Ijumaa. Meli ilikaa wiki tatu Vava'u ikitengenezwa injini, na ilipotia nanga hapa ilishusha unga, mabati, mchungaji mpya, na wewe, kwa mpangilio huo.

Ofeina anakusalimu. Alilia kidogo, kisha akauliza kama mnapewa blanketi. Mguu wangu unavimba ukitaka, na ukichoka unaacha. Magimbi yamekubali mwaka huu. Nguruwe mwenye doa hayupo tena. Alikwenda kwenye mazishi ya mzee Isileli na hakurudi. Ungekuwepo ungepata kichwa chake, hivyo usinilaumu.

Sasa, mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimejikwaa pale pale. Unasema Lesieli aliteleza. Halafu unasema ulisimama ukakiri. Ulikiri nini? Kwamba ngazi ni ya saruji?

Ofeina ameniambia nikuulize taratibu. Hii ndiyo taratibu yangu.

Samaki na sabuni vimo kwenye kikapu alichobeba nahodha. Kama sabuni ni vipande vitatu badala ya vinne, mwulize yeye.

Mjomba wako,
Uaisele


Gerezani
11 Mei 2015

Mjomba Uaisele, mwuaji wa nguruwe wa yatima,

Vipande viwili! Mwambie nahodha anuke vizuri.

Nasikitika kwa mzee Isileli na nasikitika zaidi kwa nguruwe. Hapa mvua imetulaza ndani siku mbili, nikawafundisha wenzangu sauti ya besi ya wimbo wa kwaya yetu. Sasa jela nzima inaimba kwa besi, hakuna anayetaka sauti nyingine.

Umeuliza nilikiri nini. Nilikuwa sitaki kujisifu (usicheke), lakini kwa kuwa umeuliza, sikiliza.

Hakimu aliniambia, "Kelepi, unakiri kosa au unakana?"

Nikasema, "Mheshimiwa, inategemea."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia sajini wa kike anayeendesha mashtaka. "Msomee maelezo ya tukio, aelewe anachoulizwa."

Sajini akafungua faili. Akasoma tarehe, saa, nyumba ya nani. Halafu akafika kwenye matusi. Mjomba, aliyasoma! Neno kwa neno, kwa sauti ile ya kutangazia namba za nyimbo kanisani. Na Fusi, dada yangu wa tumbo moja, yumo ukumbini, benchi la tatu, na mkoba wa chakula alioniletea. Wewe unajua mimi ni kaka wa namna gani. Tangu nitoke jandoni sijalala nyumba moja naye. Sijawahi kutoa mzaha mbele yake. Kwenye video wakianza kubusiana, mimi ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba nimeacha kitu nje.

Nikangoja mtu mmoja aseme, "Jamani, kuna ndugu humu ndani." Mtu mmoja tu! Hakimu anaandika, karani anachokonoa sikio. Mimi nimefungiwa kizimbani, siwezi kutoka. Ningefanyaje? Nikapiga kelele: "Nakiri! Nakiri yote, asiendelee kusoma!"

"Una hakika?"

"Nina hakika, afunge hilo faili!"

Ndiyo zile dakika nne. Miezi kumi na minane ya jela kwa ajili ya masikio ya dada yangu. Nani mwingine unayemjua angefanya hivyo?

Sasa ametokea wakili, anaitwa Pelenaise, mdogo hivi, viatu vikubwa, huja Jumatano kuwasaidia wasio na wakili. Nilimsimulia ili kumchekesha tu. Hakucheka. Alitoa daftari. "Kijana, huko hakukuwa kukiri kosa. Huko kulikuwa kumnyamazisha msomaji. Tunaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku za kukata zimepita, lakini nitaomba ruhusa."

"Rufaa dhidi ya nani?"

"Dhidi ya hukumu."

"Hukumu imetoka kinywani mwangu mwenyewe."

"Basi dhidi ya jinsi hakimu alivyoipokea."

Mjomba, hapo nilipotea na bado sijarudi. Nilisema nakiri. Yeye anasema nilisema lakini sikukiri. Kumbe mtu anaweza kusema ndiyo kwa mdomo wake, na mtu mwenye viatu vikubwa akaja miezi miwili baadaye kumwambia hakusema?

Ila kuna kazi yako. Jaji wa Mahakama Kuu ni mzungu, hajui mwiko wa kaka na dada. Anatakiwa mtu mzima wa kumweleza, tena kwa kiapo. Nani kama wewe, msemaji wa chifu, mtu ambaye akikohoa kwenye kikao cha kunywa kava watu wananyamaza? Andika, apa, tia sahihi, tuma.

Mpwa wako shujaa,
Kelepi


Falehau
3 Juni 2015

Kelepi mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Ofeina amesuka mkeka wa heshima wa kufunga kiunoni siku utakayosimama mbele ya jaji. Kisima chetu kimepata pampu. Mchungaji mpya anahubiri dakika hamsini na watu wameanza kumwombea.

Barua yako niliisoma kwenye kava. Nilikosea pengine, lakini moyo ulikuwa umejaa. Jirani yangu Lisiate alipiga goti lake kofi.

"Huyo ndiye kaka! Siku hizi vijana wanatukana mbele ya dada zao kama wanaagiza mkate."

"Ni damu ya kwetu hiyo," nikasema mimi, maana nani asingesema?

"Lakini matusi yenyewe," akauliza mchungaji mpya, ambaye bado hajajua mambo gani hayaulizwi hapa, "nani aliyemtukana nani?"

Watu wote wakatazama ndani ya bakuli.

Nimeanza kuandika hiyo hati. Nimeeleza hivi: kwetu, kaka na dada wakiwa pamoja na matusi yakatamkwa, mmoja wao huondoka papo hapo, na aliyezuiwa kuondoka anaweza kufanya lolote kuyanyamazisha, wala hakuna mtu wa kwetu atakayemshangaa. Hilo ni kweli, naweza kuliapia mbele ya jaji yeyote. Hakimu wa wilaya atapita huku mwisho wa Julai. Nitatia sahihi mbele yake na karatasi itapanda meli hiyo hiyo.

Ila nina umri wa miaka sitini na minne na sijawahi kushika Biblia na kuapa. Mkono wangu unataka kujua unakwenda wapi. Katika barua zako mbili umeniambia mkono ulivunjika, polisi wakaandika, sajini akasoma. Hujaniambia wewe ulifanya nini. Wakili amekuuliza? Mimi nakuuliza. Ulimpiga mkeo, au hukumpiga? Neno moja linatosha.

Uaisele


Gerezani
29 Juni 2015

Mjomba wangu mwenye kichwa kigumu,

Mkeka wa kiunoni umefika, Afande Maka ameushika na kusema hata yeye angekubali kufungwa ili apate kama huo. Mwambie Mama Ofeina. Mwambie pia nimechaguliwa mnyapara wa shamba la magimbi, watu kumi na wawili chini yangu, mmoja wao aliwahi kuwa mwalimu wangu wa kidato cha pili. Yule aliyesema sitafika popote! Namwambia, "Mwalimu, tuta limepinda." Analinyoosha.

Umetaka neno moja. Unajua mimi maneno huwa hayaji mojamoja.

Pelenaise naye aliuliza. Nilimwambia mambo ya nyumbani yana mlango. Akasema, "Jaji ataufungua." Nikamwambia basi na aufungue, mimi niko jela. Akaweka kalamu chini. "Kelepi, nisikilize. Nikiomba kukiri kwako kufutwe, lazima uape kwamba unakana kosa. Huwezi kusema 'sikukiri vizuri' halafu ukanyamaza. Unakana au hukani?"

Nikasema, "Inategemea."

"Inategemea nini?"

Mjomba, sikujua inategemea nini. Nimelifikiria nikilima tuta zima hadi mwisho na kurudi. Ukweli ni kwamba siku ile kulikuwa na kelele, nilikuwa nimekunywa pombe ya kienyeji na wenzangu, na mambo ya namna ile yakishapita kila mtu anayakumbuka kwa upande wake. Lesieli anakumbuka kwake, ngazi inakumbuka kwake. Mwisho nilimwambia wakili aandike kwamba nakana, kwa kuwa mtu akikata rufaa ni lazima awe anakana kitu, ama sivyo rufaa ya nini? Ameandika. Nitaapa siku ya kusikilizwa, tarehe ishirini Agosti.

Lesieli yuko kwa mama yake, kijijini Kolovai. Hajaja wala hajaandika. Mkono wa kuume ndio wa kuandikia, labda ndiyo sababu. Nasikia plasta imetolewa lakini vidole viwili havikunjiki vizuri, na kikundi chao cha kusuka kimempa kazi ya kuhesabu mikeka. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Nakutegemea wewe, Mjomba. Pelenaise anasema bila kiapo chako jaji ataona nimetunga hadithi. Ukikitia sahihi, mwezi wa tisa niko Falehau nakula kwako hadi useme basi.

Kelepi


Falehau
27 Julai 2015

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Salamu za Ofeina zimo.

Fusi yuko hapa. Alishuka Jumanne na mikeka yake ya kubadilishana na wanawake wa huku, akalala kwa Lisiate. Alhamisi alikuja kunisaidia kumenya magimbi. Nikamwambia kwa furaha, "Dada mwenye bahati! Nani ana kaka kama wako?" Nikamsomea hati yangu yote, kwa sauti ile ninayoitumia mbele ya chifu.

Alimenya gimbi likabaki dogo kama yai.

"Mjomba," akasema, "imeandikwa vizuri."

"Lakini?"

"Mimi sijasema lakini."

"Umelimenya gimbi mpaka limekwisha. Lakini?"

Akaweka kisu chini. "Mimi sikuwemo."

Nikamwuliza hakuwemo wapi. Ndipo aliponieleza, huku uso umeelekea ukutani kwa sababu anakuzungumzia wewe. Tusi la kwanza lilipotoka alichukua mkoba wake akatoka, kama alivyolelewa. Tusi la kwanza tu. La pili hakulisikia. Alisimama nje penye bomba la maji. Sajini aliendelea kusoma, Fusi anasema alisikia sauti yake dirishani muda mrefu, hashiki maneno, sauti tu. Halafu ndipo akasikia wewe unapiga kelele kwamba unakiri.

"Labda hakukuona ukitoka," nikamwambia. Nilitaka iwe hivyo.

"Aliniona, Mjomba. Alinifuata kwa macho mpaka mlangoni."

Baadaye watu walipoanza kumpongeza sokoni kwa kaka aliyemnusuru, alishindwa kuwakatalia. Angewakataliaje bila kukuaibisha? Ameibeba miezi mitano. Kwangu pia hakuja kusema. Nilimlazimisha mimi kwa kujisifu kwangu.

Kelepi, mwiko wetu nimeueleza sawasawa na kila neno ni kweli. Lakini mwiko ulikuwa umeshatimizwa. Dada alikuwa nje. Wewe ulikaa unasikiliza, matusi yakasomwa yakaisha, ndipo ukaruka. Waliobaki ukumbini ni wageni, na Lesieli, na baba yake. Sasa ulikuwa unamnyamazishia nani?

Hakimu wa wilaya alipita Ijumaa. Nilimwambia mguu unaniuma, sitaweza kufika ofisini. Karatasi ipo juu ya Biblia, haina sahihi. Meli nyingine inapita baada ya wiki tatu, na hakimu atarudi nayo. Nikitia sahihi, huenda ukatoka. Nisipotia, hutoki. Najua hivyo, usinieleze. Niambie tu sajini alikuwa amefika wapi.

Uaisele


Gerezani
12 Agosti 2015

Mjomba,

Natumaini mguu ni mzima na ulikuwa uongo tu. Mimi mzima. Afande Maka ataisoma hii kabla yako, na asome.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza nilikukasirikia. Ya pili nilimkasirikia Fusi, kisha nikaona haya, nikaichana kabla Afande hajaikuta. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ina mahali unacheka mara mbili, nayo nimeichana.

Fusi amesema kweli. Nilimwona akitoka. Mwambie asijilaumu. Mwambie wewe, mimi siwezi.

Usitie sahihi. Leo ni Jumatano, nimemwambia Pelenaise afute rufaa. Ameniambia nisiwe na haraka, kwamba hakimu kweli alikosea kupokea maneno yangu vile, kwamba hiyo ni hoja safi hata kama nilifanya. Hata kama nilifanya! Mjomba, bado sielewi sheria inavyokwenda. Yaani nilikiri vibaya kitu cha kweli, na naweza kushinda kwa ule ubaya. Nimemwuliza, "Nikishinda itakuwaje?" Akasema, "Utaulizwa upya, unakiri au unakana." Nikamwambia basi nimeshaulizwa na wewe, na Mjomba ameshaniuliza, nimechoka kuulizwa. Alifunga daftari, akanipa mkono. Sikujua kama ananipongeza au ananiaga.

Umeuliza sajini alikuwa amefika wapi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilirudi kutoka mechi ya raga na wenzangu wamenijaza pombe. Lesieli alikuwa sakafuni anasuka, mlango wazi, jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Nikamwambia nimefunga mara tatu leo, bila mimi timu ingekufa. Akasema, "Mama Seini kapita hapa sasa hivi, anasema ulikaa benchi mechi nzima." Akacheka. Halikuwa cheko baya, Mjomba. Ni cheko lile lile analocheka kila ninapopiga porojo, na zamani lilikuwa linanipendeza, ndiyo maana nilikuwa nazipiga.

Nikamtukana. Yale matusi ni yangu, mchungaji aliuliza vizuri. Hakuinua uso. Aliendelea kusuka tu, unajua wanavyofanya, mkono mmoja umebana ukindu chini na mwingine unapitisha. Hakuna ngazi. Nyumba yetu haina ngazi, ungekuwa umefika ungejua, ndiyo maana nilikuandikia wewe ya ngazi na sikumwandikia mtu wa huku.

Sajini alikuwa amemaliza matusi. Akageuza ukurasa, akasema, "Mshtakiwa, akiwa bado amevaa viatu vya raga," na Lesieli akaninyanyulia uso pale kwenye benchi la mbele, mkono uko mapajani ndani ya plasta. Hapo ndipo niliposema nakiri. Nilikiri ili lisisomwe. Nilidhani likikiriwa haraka litabaki halijasemwa na mtu.

Nilimkanyaga mkono, ule uliokuwa umebana ukindu. Mara ya kwanza ningeweza kukwambia kwamba nilipepesuka, sikuuona. Lakini nilimkanyaga mara mbili, Mjomba.

Kelepi